Kufuli la Milembe

Sogeeni, wajukuu zangu, mnipe masikio. Walikuwapo watu watatu: Mrisho mwenye tahadhari, mdogo wake Masele mwenye mikono ya ufundi, na Milembe, mkewe Masele, mwenye siri.

Dada yao, Sikujua, alikuwa na mtoto mmoja tu, Adili, aliyezaliwa na tundu moyoni. Daktari wa Tabora akamwambia, "Niletee picha ya moyo wake. Bila picha sishiki kisu." Picha ilipigwa hospitali ya mbali, na mashine yenyewe imeshakufa.

Mrisho ndiye aliyeiwahi picha, akaihifadhi kwake kabla mashine haijafa. Hakutaka mwili wa mtoto uzagae mitandaoni. Sasa, Milembe kazini kwake huingia kwenye kompyuta za mbali kwa kufuli na ufunguo, si vya chuma bali vya maandishi ya siri: kufuli humgawia yeyote, ufunguo hampi mtu. Mrisho akaifunga picha kwa kufuli hilo, ile ya wazi akaifuta.

"Basi ifungue, kaka."

"Siwezi, dada. Kufunga hufunga yeyote. Kufungua ni Milembe peke yake."

"Mungu wangu! Umenifungia mwanangu!"

Ufunguo ulikuwa ndani ya kompyuta ya Milembe, na mvua ya upepo ilikuwa imeezua bati, kompyuta ikalowa chepechepe. Masele akaibomoa, akaikausha, akachomoa kumbukumbu yake, akaipachika kwenye kompyuta nyingine. Ufunguo huo, mzima! Ila ukadai neno la siri.

Milembe alikuwa Mwanza. Wakampigia, simu imewekwa sauti kubwa, mama mkwe wake kaketi hapo hapo.

"Jamani, hilo siliandiki kwenye meseji, na kulitamka siwezi." Alikuwa amechagua maneno yenye jina la baba mkwe, ambalo kwao mke wa mwana halitii kinywani hata akiungua moto. Nani angelidhania?

"Wifi," Sikujua akalia, "Adili anakwisha."

Milembe akalitamka: "Mihayo mla michembe."

Michembe, wajukuu, ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama mkwe akaangua kicheko. "Na kweli anaila, huyo mzee! Andikeni!"

Picha ikafunguka. Sikujua akaipeleka mbio kwa daktari. Adili akapasuliwa, akapona. Leo anakimbiza kuku uani.

Sikujua alikuwa ameahidi ng'ombe wake mtamba kwa atakayemwokoa mwanawe.

"Bila mimi mngefungua nini?" akasema Mrisho.

"Na bila mimi mngefungua kwa ufunguo upi?" akajibu Masele.

Milembe akasema, "Nyie mlitoa kazi. Mimi nilitoa heshima yangu."

Mtamba ni mmoja, na Sikujua hataki achinjwe. Haya, ungekuwa wewe, kamba ungemkabidhi nani?