Boza la Ndugu Mteja

Hapo zamani, zamani ya mwaka juzi tu, mabomba ya mtaa wa Kilimani Juu yalikauka. Siku ya kwanza ujumbe uliingia kwenye simu: Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu. Siku ya pili ukaingia tena: Ndugu mteja, tunaomba radhi. Siku ya tatu mabomba yalikohoa upepo, mita zikazunguka kwa upepo huo, na kwenye ofisi ya maji wakaona mita zinazunguka, wakaridhika kwamba maji yanatoka.

Mtaani hapo aliishi Bi Rukia, mwenye tangi la chini la maji ya mvua. Maji hayo aliyatunza kwa ajili ya binti yake Raya, aliyekuwa amejifungua karibuni. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, na Raya alikuwa hajamaliza hata wiki. Lakini majirani walipokuja na ndoo, Bi Rukia hakuweza kuufunga mfuniko. Wakachota asubuhi, wakachota jioni, wakachota huku wakimwombea dua. Siku ya tisa jioni kata ya kuchotea iligonga sakafu ya tangi.

Mmoja tu hakuchota: Mzee Mhando. Miaka mitano nyuma kuku wa Bi Rukia walimlia mchicha wake, na tangu hapo hakusema naye. Bi Rukia alimpelekea ndoo. Mzee aliirudisha imejaa, imefunikwa vizuri.

Siku ya kumi boza, lori la maji, lilipanda kilima. Alishuka afisa kijana, Beatus, shati limenyooka, fomu mkononi. Alieleza kwamba zimebaki lita elfu mbili, nazo ni msaada kwa nyumba moja, iliyoathirika zaidi. Bi Rukia aliuliza kwa nini wasigawane. Beatus akamwonyesha, kwa adabu kabisa, kwamba fomu ina nafasi ya jina moja.

"Mama, katika siku hizi tisa ulikosa maji?"

"Sikukosa. Nimekosa leo."

"Leo bado haijaisha, mama. Fomu inahesabu siku zilizokamilika."

Ndipo Nasra akajisogeza. Huyu ndiye aliyekwenda ofisini kwa miguu kila kukicha, mpaka wakaamini kwamba mita zilikuwa zinahesabu upepo.

"Niandike mimi," alisema. "Bila miguu yangu boza hili lingekuwa wapi? Na beseni la kwanza nitampa Raya."

Mzee Mhando alimgeukia Beatus, ingawa Bi Rukia alisimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mwambie mama Raya sina ubaya naye. Lakini siku tisa nimejifuta kwa kitambaa cha umande. Wenzangu wote wamechota. Aliyekosa ni mimi. Na maji yakiingia kwangu, yamefika mwisho. Sitaki watu wa ndoo mlangoni."

Beatus aligeuza fomu. Nyuma palihitajika shahidi wa kuthibitisha nani alikosa, mtu anayejua nani alichota na nani hakuchota. Mtaa mzima ukamtazama Bi Rukia. Kalamu ikawekwa mkononi mwake.

Nasra akamsogelea sikioni. "Bi Rukia, sema tu sikuchota. Nilikuwa ofisini kutwa, nani atabisha?"

Bi Rukia alikumbuka ile nusu ndoo aliyomwekea Nasra kila jioni. Akakumbuka ndoo ya Mzee Mhando iliyorudi bila kupungua tone. Ndani, Raya aliita akiuliza kama maji yako jikoni. Dereva akawasha gari, kwa kuwa mtaa wa pili nao ulikuwa unasubiri kuombwa radhi.

Haya, ninyi mliokaa hapa na vikombe vyenu vya maji, kalamu nawapa ninyi. Yupo aliyetoa mpaka akaonekana hakukosa. Yupo aliyelileta boza kwa miguu yake, naye anaomba uongo mdogo. Yupo aliyekosa kwa kiburi chake, lakini alikosa kweli. Je, nani alistahili?