Wembe wa Katibu Kiangi

"Sheria hukatwa mstari, haikwanguliwi." Ndivyo kocha alivyowaambia jana mlipotaka kuchana ukurasa wa katiba ya timu yenu, nanyi mkacheka kana kwamba amewatania. Sasa mmekuja kuuliza. Haya, kaeni, na anayetafuna muwa amalize kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele za meno. Methali hii ilianza hapa hapa Kwamrindi, kwenye milima yetu ya Upare, na ilianza hivi.

Wazee kumi na wanane walichimba mfereji kutoka chemchemini hadi kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Walichimba misimu miwili kwa majembe na mitaimbo. Walipomaliza wakanunua kaunta buku, wakaandika katiba. Roho yake ilikuwa kifungu cha tano: "Zamu ya maji ni ya aliyechimba." Basi. Nani angebisha? Ambaye mgongo haukumuuma angedai maji gani?

Katibu wao aliitwa Kiangi. Huyo bwana alipenda unadhifu jamani, mpaka ikawa ugonjwa. Hata shambani alikwenda na shati lililopigwa pasi. Akikosea herufi moja hakuikata, hata kidogo! Alichukua wembe, akakwangua wino taratibu, akapuliza vumbi, akaandika upya pale pale. Wageni wakikifungua kitabu chake walisema, "Ama kweli, huyu ana mkono." Kiangi alijifanya hajasikia, kumbe amesikia vizuri sana.

Miaka ikapita. Mchimbaji wa kwanza akafariki, na mkewe akaambiwa zamu imekwisha, kwa kuwa yeye hakuchimba. Mama yule akasimama mkutanoni akauliza, "Na uji mliokunywa mkichimba, aliupandisha nani mlimani?" Siku hiyo hiyo wazee wakakirekebisha kifungu: "aliyechimba, au mjane wake." Kiangi akatoa wembe, akapanga mstari upya.

Baadaye wajane nao wakaanza kuondoka duniani. Mkutano ukaketi tena, ukaongeza: "au mtoto wake, wa kiume au wa kike." Wembe ukatoka tena. Kisha vijana waliohamia mjini wakaanza kuwagawia rafiki zao zamu kwa barua, watu ambao hata ndiva hawakuijua iko wapi. Mkutano ukaamua kila mwenye zamu awe "aishiye kijijini." Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mstari ulikuwa umejaa. Kiangi angeweza kuandika pembeni, lakini pembeni! Kitabu chake kifanane na daftari la mtoto wa chekechea? Akawaza kwamba mabinti wa wachimbaji wote wameolewa mbali, hakuna atakayeuliza. Akakwangua "au wa kike," akapata nafasi, akaandika "aishiye kijijini." Hakumwambia mtu. Hakuwa na ubaya na yeyote. Alitaka tu mstari wake unyooke.

Mwaka wa saba tangu siku ile, Namkunda akarudi. Alikuwa binti wa marehemu Sekiete, mmoja wa wale kumi na wanane. Mumewe alikuwa amefariki huko Handeni, naye akarudi na watoto watatu kulima shamba la baba yake. Akapanda maharage. Yalipotoa maua, jua likakaza. Kila mkulima aliyepita alitikisa kichwa: bila maji ndani ya siku nne, maua yangepukutika, na watoto wale wasingekuwa na chakula hadi msimu mwingine.

Akaenda mkutanoni kuomba zamu ya baba yake.

"Pole, mwanangu," akasema mwenyekiti, mzee Mrutu. "Maji hatutoi kwa huruma, tunatoa kwa katiba. Katibu, tusomee kifungu cha tano."

Kiangi akasoma kwa sauti yake nzuri. "Zamu ya maji ni ya aliyechimba, au mjane wake, au mtoto wake wa kiume aishiye kijijini."

"Umesikia mwenyewe," akasema Mrutu.

"Nimesikia, baba. Lakini marehemu baba aliniambia mabinti waliingizwa. Alisema yeye mwenyewe alinyoosha mkono."

Mkutano ukagawanyika. Wengine wakasema ndiyo, wanakumbuka. Wengine wakasema walikuwa wagonjwa siku hiyo, wengine wakasema baba hupenda kumfurahisha binti. Mrutu akagonga meza.

"Namkunda, marehemu hatuwezi kumwita. Onyesha palipoandikwa."

Namkunda hakuwa na pa kuonyesha. Akaketi, akaficha uso kwenye kanga yake. Mrutu akauliza kama kuna neno jingine, ili wafunge mkutano.

Kiangi akahisi jasho linalowesha lile shati lake. Angenyamaza, nani angejua? Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kukuta doa katika kazi yake. Lakini alimtazama binti wa rafiki yake aliyechimba naye, na haya zikamshika hasa. Akasimama.

"Namkunda, njoo. Shika ukurasa huu, uuinue kwenye jua."

Namkunda akauinua. Ukurasa wote ulizuia jua, isipokuwa mahali pamoja kwenye kifungu cha tano. Hapo wembe ulikuwa umepita mara nyingi, karatasi ikawa nyembamba, na mwanga ulipenya.

"Mnaona nini?" akauliza Kiangi.

"Mwanga," wakajibu.

"Hapo ndipo mlipowaandika mabinti. Sekiete hakusema uongo. Maneno mliyapitisha ninyi, nikayakwangua mimi, kwa wembe wangu, kwa sababu nilikosa nafasi na sikutaka kuchafua kitabu."

Loo! Kelele zilizotokea hapo! Kuna aliyetaka Kiangi avuliwe ukatibu papo hapo. Mrutu akawaacha waseme mpaka wakachoka.

"Katibu," akasema, "tulikupa kitabu utunze maneno yetu. Wewe umetunza karatasi."

"Ni kweli, mwenyekiti. Nisameheni. Nawe mwanangu, nisamehe."

Namkunda akafuta macho. "Nimekusamehe, baba. Ila maharage yangu hayajui kusamehe. Yanataka maji."

Watu wakaangua kicheko, na ubishi ukaishia hapo. Wakarudisha maneno ya mabinti, wakaandika na kifungu kipya: sheria ikibadilishwa, ya zamani ikatwe kwa mstari mmoja tu ili iendelee kusomeka, na pembeni iandikwe siku na sababu. Asubuhi iliyofuata ndiva ikafunguliwa kwa zamu ya Sekiete. Namkunda akasimama peku shambani, matope yakimfika vifundoni, akicheka peke yake.

Kitabu kikachafuka, wanangu! Mistari huku, mishale kule. Mwanzoni Kiangi alikiandika kama anayekunywa dawa chungu. Lakini vijana waliojiunga baadaye walikisoma na kujua kila neno lilitoka wapi, nani aliachwa nje na nani aliingizwa, na kwa nini. Ubishi ukipamba moto, mtu husema tu, "Tusome chini ya mstari." Kiangi mwenyewe akaanza kukionyesha kwa wageni, na safari hii hakujifanya hasikii sifa.

Alipozeeka, ukatibu akapewa Namkunda. Na Kiangi alipofariki, Namkunda ndiye aliyepaswa kumwondoa kwenye orodha ya wanachama. Alikaa na kalamu muda mrefu, machozi yakimtoka. Kisha akakata mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka sawasawa, vile mwenyewe angependa. Pembeni akaandika siku, na sababu: "Ametutangulia. Alitufundisha."

Kitabu kiko kwenye ofisi ya mfereji, nendeni mkaone. Jina lake linasomeka mpaka leo. Sheria hukatwa mstari, haikwanguliwi.