Bima ya Manyoya ya Simba

Mwaka ule mvua iliwapa wanyama kisogo. Nyasi za mbugani zilikauka zikawa kama karatasi. Jiwe likigongana na jiwe, moto! Kila mmoja aliihofia nyumba yake.

Hapo ndipo Fisi alipofungua bima. "Leteni chakula ghalani kwangu kila mwezi," alisema huku mate yakimchuruzika. "Atakayeunguliwa na nyumba, ghala litamlisha na kumjengea upya."

Akamfanya Sungura wakala wake, maana Sungura ana ulimi wa asali. Sungura alizunguka mbuga nzima akiisifu bima ile. Kanga akatoa uwele, Ngiri akatoa viazi. Hata Kobe akajiunga.

"Wewe nyumba yako iko mgongoni, itaungua vipi?" Sungura alimwuliza.

"Sijui, ila umeieleza vizuri mno," Kobe akajibu.

Siku moja moto ukateketeza kiota cha Kanga. Akaenda mbio kwa Fisi, Sungura akiwa naye.

"Moto ulitokea upande gani?" Fisi akauliza.

"Mashariki."

"Pole sana, dada. Soko limebadilika. Siku hizi tunalipa moto wa magharibi tu."

Wiki iliyofuata makao ya Ngiri yakaungua, kwa moto wa magharibi.

"Ulikuwa na moshi?" Fisi akauliza.

"Moto gani hauna moshi?"

"Basi pole. Soko limebadilika tena. Tunalipa moto usio na moshi."

Ngiri hakugombana na Fisi. Alimgeukia Sungura. "Mimi nilikuamini wewe, jirani." Masikio ya Sungura yakalegea. Kuwachezea shere wakubwa alikuwa amezoea. Kuwaponza majirani, hapana.

Kulipokucha akaenda kwa Simba, akamkuta akijitazama majini.

"Ee Mfalme, manyoya hayo ya shingoni yana bima?"

"Ya nini?"

"Ah, basi. Nimeuliza tu, kwa kuwa hata kiota cha Kanga kilikuwa nayo."

"Kiota kina bima, mimi sina?" Simba akanguruma. Papo hapo akampelekea Fisi paja la nyati, na sharti moja: unywele mmoja ukiungua, ghala lote ni lake. Fisi, paja likiwa tayari mdomoni, akaitikia, "Mm! Mm!" Alipomeza ndipo alipoelewa alichokubali. Akamwita Sungura mbio.

"Mteja mkubwa hulindwa kabla ya hasara, bosi," Sungura akamshauri. "Fyeka nyasi kila atakapopita."

Kisha akamwendea Simba. "Mfalme, raia wanalilia kuyaona manyoya yako kwa karibu." Wakaanza matembezi: leo kwa Kanga, kesho kwa Ngiri, keshokutwa kwa Kobe. Fisi mbele na fyekeo, ulimi nje, akikata nyasi, akikanyaga cheche, akipuliza hata vumbi. Wanyama walicheka mpaka Kobe akaanguka chali, ikabidi ageuzwe. Wiki haikwisha, kila nyumba ilikuwa imezungukwa na uwanja mweupe usio na unyasi, moto hauna pa kupita.

Njaa ikamzidi Fisi. Akajificha nyuma ya ghala, akawasha moto abanike mfupa wa lile paja. Simba akanusa, akaja.

"Nani anabanika bila kunialika?" Akainama atazame. Cheche ikaruka, chwaa! Unywele mmoja ukaungua.

"Ghala langu!"

"Mfalme, soko limeba..."

Simba akaupiga mlango teke, wanyama wakaja mbio kwa kishindo kile. Ndani hamkuwa na uwele wala kiazi. Kulikuwa na maganda, mifupa, na mkeka wa Fisi wa kulalia baada ya kushiba.

"Chakula chetu kiko wapi?" Kanga akauliza.

Fisi akalitazama tumbo lake, na wote wakalitazama. Akatimka, Simba nyuma yake, vumbi likapanda, na mbuga ile haikumwona tena.

Sungura akasimama mbele ya majirani. "Mimi ndiye niliyewaleta huku," akasema. Akawapa Kanga na Ngiri karanga zake zote alizopata kwa uwakala, akashika udongo akawajengea. Ghala wakaliendesha wenyewe, ufunguo kwa Kanga, na sharti likawa moja kwa wote: moto ni moto.

Njia ya mwongo ni fupi.