Miangwi Kumi, Mdomo Mmoja

"Miangwi kumi, mdomo mmoja." Mkufunzi wenu amewaandikia hivyo kwa wino mwekundu pembeni mwa kazi zenu, kwa sababu mmeandika "mashirika mengi yanasema" na hamkusema yamejuaje. Sasa mmenijia, mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni viti karibu na jiko, baridi ya leo haina adabu. Methali hii ilianza hivi.

Katika wilaya yetu hii ya milimani palikuwa na afisa elimu aliyeitwa Enesia Tweve, ambaye kazi yake ilikuwa takwimu na utafiti. Mumewe alikuwa amefariki. Wanawe wawili walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa fupi: hujambo, sijambo, mama salio linaisha. Ofisi yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye korido, dirisha likitazama shamba la viazi, na miezi ya baridi ukungu ulitanda hata viazi hivyo asivione. Wenzake walikunywa chai pamoja ofisi ya mbele. Yeye alikunywa yake peke yake, mbele ya kompyuta. Si kwamba walimchukia. Walimzoea hivyo tu, na upweke wa mtu ukishazoeleka hakuna anayeuulizia habari.

Mwaka huo kamati ya elimu ilitaka kuifunga shule shikizi ya Ikovelo. Shule shikizi ni tawi dogo la shule kubwa, linalowekwa karibu na watoto wadogo wasioweza kutembea mbali. Ikovelo ilikuwa na watoto thelathini na wanne, mwalimu mmoja, na chumba kimoja ambamo darasa la kwanza, la pili na la tatu walisoma pamoja. Ikifungwa, watoto hao wangepaswa kushuka bondeni, wavuke mto, wapande tena hadi shule mama, mwendo wa saa mbili. Kila mtu alijua kwamba wengi wangebaki nyumbani kuchunga kondoo. Mwenyekiti wa kamati akamwambia Enesia, "Tuletee utafiti wa kimataifa, tusije tukaonekana tumeamua kwa hisia."

Enesia akaanza kupekua tovuti za mashirika ya elimu ya ng'ambo. Kwenye tovuti ya kwanza akakuta ripoti safi, yenye picha ya watoto wanaocheka, ikisema kwamba watoto wanaochanganywa madarasa hubaki nyuma ya wenzao mwaka mmoja na nusu. Tovuti ya pili nayo ikasema mwaka mmoja na nusu. Ya tatu vivyo hivyo. Alipofika ya kumi, moyo wake ulikuwa umechangamka kuliko siku yoyote tangu msiba. Aliona kama watu kumi wazito, kutoka kila pembe ya dunia, wameingia katika ofisi ile ya ukungu, wameketi naye, na wote wanakubaliana naye. Akayaorodhesha majina yote kumi, akapendekeza shule ifungwe. Wajumbe wakapiga meza kwa kuridhika, wakasema uamuzi utathibitishwa wiki inayofuata. Msimcheke. Mwenye njaa ya wenzake hamuulizi anayebisha hodi ametokea wapi.

Ikabaki barua ya kumwarifu mwalimu wa Ikovelo. Barua ya namna ile Enesia hakutaka kuituma kwa mkono wa mtu. Akapanda pikipiki hadi barabara ilipoishia, kisha akashika njia ya miguu. Ilikuwa asubuhi. Alipokaribia kilele akasikia sauti ya mwanamume ikiita, "Shuleee!" Mara ikaitika sauti nyingine upande wa pili wa bonde, na nyingine chini mtoni, na nyingine nyuma ya msitu wa mianzi. Akazihesabu, zikawa kama kumi. Akashangaa sana, maana jalada lake lilionyesha mwalimu mmoja.

Alimkuta mtu amesimama juu ya jiwe, viganja vimezunguka mdomo. Ndiye Obeti Mahenge, mwalimu wa Ikovelo. Shule haikuwa na kengele, na huo ndio uliokuwa wito wa kila siku.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Kamwene, mwalimu. Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani, mama?"

"Hao wanaoita watoto. Nimewahesabu kama kumi."

Obeti alicheka hadi akakaa chini. "Huku niko peke yangu, mwaka wa sita sasa. Hayo ni mabonde. Miangwi kumi, mdomo mmoja! Hata watoto wa darasa la kwanza wanapotea, wanaikimbilia sauti iliyo mtoni. Ndiyo maana somo la kwanza hapa si a, e, i. Somo la kwanza ni kuuliza: sauti imeanzia wapi?"

"Na wewe mwenyewe ukiisikia inakurudia?"

Mwalimu akaacha kucheka. "Siku za mwanzo nilifarijika, mama. Nilijihisi nina wenzangu. Baadaye nikazoea kwamba ni mimi tu."

Enesia hakuitoa barua mkobani. Alikaa darasani hadi mapumziko, akamtazama msichana wa darasa la tatu akimshika mkono mtoto wa darasa la kwanza na kumwongoza kuandika jina lake. Kisha akashuka.

Kesho yake alizifungua tena zile tovuti kumi, na safari hii akaanzia mwisho, kwenye marejeo. Shirika la kwanza lilikuwa limenukuu la nne. La nne lilinukuu la saba. La pili na la tisa yalinukuu la tatu, na la tatu lilinukuu hilo hilo la saba. Siku mbili alifuata nyayo hizo, na zote zikaishia kwenye ripoti moja ya kurasa ishirini na mbili. Watafiti wake walikwenda nchi moja, wakatembelea shule kumi na moja, mara moja tu, wiki tatu baada ya shule kufunguliwa, katika mwaka wa mafuriko ambao vitabu havikuwa vimefika. Na wenyewe walikuwa wakweli. Ukurasa wa mwisho waliandika kwamba matokeo yale yalihusu shule zile tu, na yasitumiwe kuamulia nyingine. Sentensi hiyo hakuna hata moja kati ya zile tovuti kumi iliyoibeba.

Wageni wake kumi wakaondoka mmoja mmoja, ofisi ikabaki kama ilivyokuwa. Ilimuuma, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba inamuuma.

Kwenye kikao akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuliondoa pendekezo langu."

Wajumbe wakaguna. Mwenyekiti akavua miwani. "Afisa, wiki iliyopita ulikuja na mashirika kumi. Leo umekuja na nani?"

"Leo niko peke yangu, Mheshimiwa. Hata wiki iliyopita nilikuwa na shahidi mmoja tu, wengine walikuwa wakimrudia. Na huyo mmoja Ikovelo hajawahi kuiona. Nanyi pia hamjaiona."

Wengine walicheka, mmoja akasema mama huyu amechoka. Lakini mwenyekiti akaagiza Ikovelo ikaonwe kwanza. Wajumbe watatu wakatumwa kupanda na karatasi za mtihani. Watoto wa Ikovelo walisoma sawa na wa shule mama. Kwenye hesabu waliachwa kidogo, si mwaka mmoja na nusu. Shule haikufungwa, na mpaka leo ipo.

Enesia je? Waliomcheka waliacha kumsalimu. Hakuna aliyemwita kwenye chai. Alistaafu akitokea ofisi ile ile ya mwisho wa korido.

Mnajiuliza nimeyajuaje yote haya. Ya kwake alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, nilipomtembelea akiwa mgonjwa. Ya kikaoni niliyaona, kwa sababu mwenyekiti yule ni mimi. Niliiacha shule ibaki, lakini sikuwahi kutembea hatua ishirini hadi mlango wake kumwambia asante. Nilidhani wengine wamekwisha kumwambia. Nao walidhani hivyo hivyo.

Basi, wanangu, mkiona wengi wamesema jambo moja, msiwahesabu kwanza. Utafuteni mdomo. Na mkiupata, hata kama uko mmoja tu mwisho wa korido, uendeeni mkausikilize. Miangwi kumi, mdomo mmoja.