Maji ya Siku ya Mkaguzi

Wapendwa, tulieni niwape mfano, na mjue kwamba wahubiri wa ukanda huu wote, pamoja na vyeti vyao ukutani, hawana mfano kama huu.

Kulikuwa na mkaguzi mmoja wa maji. Kazi yake ilikuwa kupima mto chini ya mabwawa ya kampuni ya maji, ile iliyovuta maji safi upande wa juu, ikayauza mjini, kisha ikayarudisha mtoni yakiwa majitaka. Sheria iliitaka iyasafishe kwanza. Lakini kusafisha ni kazi, kwa hiyo walifungua koki yakaenda yalivyo.

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu. Kila mwezi, kabla ya kwenda, aliandika barua: tutafika baada ya siku saba. Ndivyo ofisi yao ilivyozoea, na yeye aliona ni ustaarabu. Nani anaingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi? Basi barua ikifika, kampuni inafunga koki siku mbili kabla, mto unajisafisha, mkaguzi anakuta maji yanang'aa. Anajaza chupa, anaitia kwenye sanduku jekundu nyuma ya pikipiki, anaandika "safi", anaondoka.

Wanawake wa kijiji cha chini hawakujua habari ya barua. Walichojua ni kwamba likipita lile sanduku jekundu, siku hiyo maji yananyweka bila kuchemshwa. Siku nyingine kuni zinaisha jikoni na bado matumbo yanasokota. Kwa hiyo pikipiki ikilia darajani, ndoo zote mbio mtoni, vigelegele juu. Bibi mmoja alimsimamisha, akamwambia, "Mwanangu, hiyo dawa unayotia mtoni, si uwe unatia kila siku?"

Mkaguzi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bibi, sitii kitu mimi. Dawa ni mimi mwenyewe!"

Wakampigia makofi. Je, alijua kwa nini mto unamheshimu siku ile tu? Mimi nasema alijua. Mtu mwenye macho na pua hawezi kupima mto miaka tisa asijue. Lakini vigelegele ni vitamu, wapendwa. Nani kati yenu aliwahi kushangiliwa akasema nyamazeni?

Sasa, dada yake mkaguzi alikuwa ameolewa kijiji hicho hicho. Miaka kumi na moja alikaa bila mtoto, mawifi wakimsema, mpaka Mungu akamkumbuka akampa binti. Jumamosi moja mkaguzi akavaa shati jipya, akafunga kanga na sukari kwenye pikipiki, akaenda kumwona mpwa wake, aliyekuwa ameanza kusimama dede. Lile sanduku hakulifungua kutoka kwenye pikipiki. Uvivu tu, boliti zilikuwa na kutu. Hakuwa kazini. Hakuandika barua. Koki ilikuwa wazi.

Akasikia vigelegele nyuma yake darajani, akapunga mkono. Akasimama kidogo dukani kwa shemeji yake, wakasalimiana, wakataniana. Alipofika nyumbani alimkuta dada yake kibarazani, ndoo imejaa miguuni, anahema.

"Karibu, kaka! Tumekusikia darajani, nimekimbia kuliko wote."

"Umekimbilia nini?"

"Maji yako! Mto una tope la mvua ya juzi, lakini ukishapita wewe hatuna wasiwasi. Mwanao ameshakunywa kikombe kizima. Alikuwa na kiu huyu!"

Mkaguzi akaipiga teke ile ndoo. Akatoka njiani akipiga kelele, "Yamwageni! Yamwageni jamani, leo ni mabaya!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mkaguzi na utani wake! Yule bibi, kata mkononi, akamwambia, "Si ulisema dawa ni wewe mwenyewe?" Akanywa.

Mtoto alizikwa Jumatano. Bibi, Alhamisi.

Mkaguzi akarudi ofisini hatazamiki. Mkubwa wake akamwambia, "Pole sana. Sasa nenda kwenye ile kampuni, ukaichunguze vizuri." Akaketi, akavuta karatasi, na mkono ukaanza wenyewe: Tunapenda kuwaarifu kwamba tutafika baada ya siku saba.

Mnataka niwaambie aliichana? Hamtalisikia hilo kwangu.

Na msimtazame mkaguzi peke yake, wapendwa. Vigelegele alivipiga nani? Ni sisi. Tulipewa siku moja safi katika mwezi, tukashukuru, tukarudi nyumbani kuchemsha ishirini na tisa zilizobaki. Nani aliuliza? Nani alijaza chupa yake mwenyewe siku ya kawaida, akaipeleka mbele za watu? Hata humu ndani mwetu, tunamwandalia Mungu Jumapili iliyofuliwa na kupigwa pasi, tukidhani na yeye anapiga hodi.

Jumatano tunao mkutano wa maji hapa kwenye kata. Watakuja wenye mashati meupe, wataweka mezani glasi ya maji inayong'aa, na mmoja atainywa mbele yenu. Nawaomba, kwa ajili ya kikaburi kile kidogo, msipige makofi. Simameni mmoja mmoja, mwombeni awaonyeshe maji ya jana.