Sange na Vigogo Visivyooza

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sahani?"

"Ya uyoga!"

"Uyoga uko wapi?"

"Ulifuata mvua, haujarudi!"

"Basi sogeeni, tuufuate."

Hapo kale, chini ya mlima, aliishi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Kila mvua ya kwanza ikinyesha, Sange alitoka nje akanusa. Fwi, fwi, fwi. Hakuna. Akanusa tena. Fwi, fwi, fwi. Hakuna.

Alitamani harufu ya uyoga. Zamani, mama yake akiwa hai, uyoga uliota kwenye vigogo vya migomba vilivyooza. Mama aliupika kwa karanga, nyumba nzima ikanukia. Kisha mama akaenda, na uyoga nao ukaenda.

Uliendaje? Ukungu mbaya, kuvu ya kuua mimea, uliingia mashambani, ukanyausha migomba, wanyama wakalala njaa. Ndipo Ngiri, mwenye nguvu na tamaa, akaleta mgomba mpya wenye dawa ndani ya mwili wake. Ukungu ukiugusa, unakufa. Walishiba, hilo tusilifiche. Lakini dawa ile ilikuwa mlinzi asiyeuliza jina. Ilimpiga mwizi, ikampiga na mgeni wa heri. Zile nyuzi nyeupe za udongoni, zinazoozesha vigogo na kuzaa uyoga, nazo zikafa. Vigogo vikalala shambani, vigumu, ko! ko! ko! Udongo ukakosa chakula, na mikungu ya Ngiri ikaanza kukonda.

Mgomba wa zamani ulibaki mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Sange. Aliupanda mama yake. Chini yake nyuzi nyeupe bado ziliishi.

Ngiri akasikia. Du! Du! Du! Huyo anakuja.

"Wewe, pua! Umeficha ugonjwa. Kesho naung'oa, nauchoma!"

Moyo wa Sange ukapiga pa! pa! pa! Mgomba ule ukichomwa, uyoga hautarudi tena. Akaukumbatia, akaufunika kwa kanga yake.

"Choma tu, babu. Ila usiuchungulie udongo wake."

"Una nini?"

"Unaozesha vigogo na kunenepesha mikungu. Ni riziki yetu sisi wadogo. Wewe unayo mengi."

"Nani kakwambia yananitosha?"

"Hata hivyo huuwezi. Unataka kuchimbiwa mashimo marefu, kila mstari wa shamba, machipukizi yapandwe pamoja na udongo wake. Kazi ya vijana hiyo, babu."

"Babu yako nani?"

Kesho yake, jua la utosini, Ngiri akaja kuiba. Paru, paru, paru! Akachimba mgomba, machipukizi yake na udongo wake wote, akavibeba mgongoni, jasho likimtiririka. Ndani ya nyumba, Sange alikuwa amelala usingizi wa uongo, akilia machozi ya kweli. Nyuma ya nyumba lilibaki shimo, pale mama alipozoea kukaa.

Ngiri akapanda, kila mstari. Mvua ikaja, ikaenda. Dawa ikapungua nguvu katika vigogo vya kale, na nyuzi nyeupe, kwa kuwa sasa zilikuwa na kwao, chini ya migomba isiyo na dawa, zikatambaa polepole. Vigogo vikalainika. Mvua ya kwanza ikarudi.

Fwi, fwi... Pua ya Sange ikasimama.

Po! po! po! Uyoga!

Ngiri akaja mbio. "Nakufa! Shamba langu limeota masikio!"

"Pole, babu," akasema Sange. "Nitakuondolea. Bure."

"Yaondoe yote! Ahsante, mwanangu!"

Sange akapika kwa karanga, akawaita majirani. Uyoga ulikuwa mtamu, karibu kama ule wa mama. Karibu. Akaacha kijiko kimoja chunguni, akafungua mlango wa nyuma, akakaa akilitazama shimo, mpaka mvuke ukaisha.

Ngano yangu imefika kitako cha chungu. Mwenye njaa akombe.

Na funzo lake, watoto, ni hili: wizi haufai, mwizi hapati kitu. Ngiri alipata mikungu minene tu. Tena msiwadanganye wakubwa, hasa wanapokuja kuwalimia bure.