Koti la Mzee Chaula

Kipupwe kile umande uliganda juu ya majani kule Makete, na Mzee Chaula, mwenye misitu yote, alikuwa amekataza watu kuokota hata kijiti. Kisha akamwita Sekela, mjane mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi.

"Kesho niletee ulanzi wa moto. Ukiwa baridi, mianzi yako naichukua."

"Nitauchemshia nini, baba, nawe umetunyima kuni?"

"Hiyo ni shida yako."

"Na ukikupa joto je?"

Chaula akacheka mbele ya majirani, akajikunyata ndani ya koti lake zito la sufu. "Ukinipa joto, koti hili chukua."

Kesho yake Sekela alileta mtungi, akaonja kwanza kama ilivyo desturi ya mleta pombe, akamjazia Chaula kata. Chaula akanywa, akakunja uso.

"Baridi kama barafu!"

"Huo ni wa juu, baba. Wenye joto uko chini."

Akanywa kata nyingine. "Baridi!"

"Bado hujafika chini."

Majirani wakasogea. Chaula hakutaka waseme amemdhulumu mjane, akanywa kata baada ya kata ya ulanzi uliochacha, hadi mtungi ukawa mtupu. Jasho likamtiririka. Akavua koti, akalitupa kando, akasimama akiyumba.

"Nyote ni mashahidi," akanguruma, "mpaka chini ulikuwa baridi!"

Majirani walikuwa wakimtazama Sekela akifunga vifungo vya koti.